Kopo Lililokwanguliwa Maandishi

Ndugu zangu wa hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, na kwingineko, nawaeleza mambo ya nyumba ya jirani yangu Muchangi kwa ruhusa yake. Sitaki kumhukumu. Nataka tu tuone jambo lilivyokwenda.

Muchangi hutengeneza modeli za majengo. Kamati ya kanisa ikipanga harambee, humwendea awatengenezee kanisa dogo la kadibodi na plastiki, ili waumini waone kitakachojengwa. Jumamosi moja alikuwa sebuleni akigandisha paa la kanisa la Ishiara. Binti yake Ann alikaa kando yake akipaka rangi miti midogo ya uani mwa modeli hiyo. Jikoni, mkewe Winfred aliimba pamoja na dada yake Ciakuthii, aliyekuja kutoka Meru kutafuta kazi. Ilikuwa nyumba tulivu.

Lakini Muchangi alikuwa na shaka na watu. Kithinji wa Karurumo, fundi wa modeli kama yeye, aliwahi kumtembelea akayatazama makopo yake ya gundi na rangi kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo Muchangi aliyakwangua kwa wembe maandishi ya kila kopo jipya, kabla hata ya kuyasoma, mtu asije akajua anatumia nini. Tena alifunga madirisha yote na kuziba chini ya mlango kwa gunia, kwa sababu vumbi la barabara yetu likitua kwenye rangi mbichi, kazi imeharibika.

Kichwa kikaanza kumuuma. Ann naye akalalamika kuwa anasikia kizunguzungu. Muchangi akajiuliza haya yalianza lini, akaona yalianza Ciakuthii alipofika. Ni kweli. Lakini wiki hiyohiyo ndipo alipoanza kutumia gundi mpya, na hilo hakulifikiria.

"Shemeji, mbona hunywi uji?" Ciakuthii alimuuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujala tangu asubuhi? Ama uji wa Meru una mifupa?"

Winfred alicheka. Muchangi hakucheka. Alianza kufungia unga na sukari kabatini, ufunguo akatia mfukoni. Winfred naye, akiona macho ya mumewe mekundu na maneno yake mazito, alinusa vikombe vyake kwa siri akitafuta pombe. Wasomaji, ifikirieni nyumba hiyo: kila mtu ananusa cha mwenzake, na hakuna anayenusa hewa.

Alasiri moja Ann alitapika, kisha akaanguka kando ya meza ya kazi. Niliitwa, tukampakia kwenye pikapu yangu hadi hospitali.

"Amepewa kitu kwenye uji!" Muchangi alimwambia daktari, akimwelekezea Ciakuthii kidole. "Muulizeni huyu!"

"Baba Ann!" Winfred alilia. "Huyo ni dada yangu!"

Ciakuthii alijibu. "Uji huo nimeunywa mimi pia, tena kikombe kikubwa. Mbona sijaanguka?"

Daktari aliinama akanusa sweta ya mtoto. "Hii ni harufu ya gundi. Ni gundi gani? Nataka kujua ina nini ndani."

Nilirudi mbio nikaleta kopo. Lilikuwa jeupe tupu, limejaa alama za wembe. Daktari alimwekea Ann hewa ya oksijeni, lakini aliendelea kuuliza. Mwishowe Muchangi alitoa simu, akafungua spika, akampigia mtu pekee aliyedhani anaweza kujua.

"Leo umenikumbuka?" Kithinji alicheka. Aliposikia kuna mtoto hospitalini, na kuelezwa kopo lilivyo na lilikonunuliwa, aliacha kucheka. "Ninayo gundi hiyo hapa mbele yangu. Si sote tunanunua duka moja? Ngoja nikusomee." Alimsomea daktari majina ya kemikali, kisha akaendelea: "Wanasema tumia mahali penye hewa nyingi. Mvuke wake ni hatari. Weka mbali na watoto. Muchangi, mimi hugandisha nje barazani. Wewe hugandishia wapi?"

Muchangi alikaa chini sakafuni.

Ann alipona, ingawa alilazwa siku kadhaa na kichwa kiliendelea kumsumbua kwa muda. Aliporudi nyumbani, Muchangi alimwomba Ciakuthii msamaha mbele yetu sote. Ciakuthii alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema. "Lakini ulininyooshea kidole mbele ya watu. Uji wako sasa utajipikia." Akaondoka kwenda Meru, na mpaka leo hajarudi.

FUNZO

Maandishi ya onyo kwenye kopo la gundi, rangi au thina ya kuyeyushia rangi ni ya kusomwa kabla ya kulifungua kopo. Usiyakwangue, wala usihamishie kemikali hizo kwenye chombo kingine. Fanyia kazi mahali penye hewa, na watoto wawe mbali. Nyumba ikianza kuugua, kagua kwanza vitu vilivyomo chumbani kabla hujamshuku aliyekupikia. Mtoto wa Muchangi alirudi nyumbani, lakini shemeji yake hakurudi.