Vilima vya Kitambaa

Kilichotangulia ni viatu vikiburutwa kwenye ngazi, kama vya mtu aliyebeba gunia. Kisha mlangoni pa studio, juu ya soko lenye kelele, akatokea dada mmoja mwenye blauzi ya kijivu, alama ya hedifoni bado imejichora kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wenye hasira, kutwa.

"Picha ya kitambulisho," alisema. Halafu akaliona pazia la nyuma: vilima vya kijani, njia nyembamba, nyumba moja inayofuka moshi. "Fundi, ngoja kwanza. Naomba nikae hapa kidogo."

Alikaa mpaka mabega yakamshuka.

Jioni zilizofuata alirudi, shida ya picha hana. Mpiga picha akajua amependwa. Akanunua manukato, akaanza kuchomekea shati. Wakataniana, wakaitana mpenzi. Ili amfurahishe zaidi, fundi akavipaka vilima vya pazia rangi nyeusi, juu yake akachora jiji la usiku: maghorofa, taa, foleni ya magari. Dada alilitazama, akachukua mkoba, akashuka ngazi. Hakuonekana tena.

Fundi alijikaza kiume, kiburi kikamwishia, akampigia dada kwenye simu yake ya mkononi.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Ni mimi, mpenzi."

"Samahani. Ulimi umezoea."

"Nimekukosea nini?"

Alishusha pumzi. "Kichwa changu kilikuwa kinapoa pale. Jiji ninalo dirishani, nawe ukaniongezea jingine."

"Kumbe ulifuata vilima. Mimi nilikuwa mlinzi wa pazia."

"Mwanzoni, ndiyo. Baadaye nilifuata vyote viwili. Usinune, mtu mzima wewe. Kwa nini ulivifuta?"

"Pale ni kwetu. Ile nyumba ya moshi ni ya mama. Wewe unaona kijani, mimi naona palizi. Nimelima vile vilima tangu utotoni, mgongo unaniuma hata nikivichora. Nilidhani nakutoa mahali pabaya."

"Lakini ulivichora, tena na moshi wa mama."

Tangu ahamie mjini fundi hakuwahi kurudi kwao hata siku moja, na pazia lile alilitundika nyuma ya wateja ili alitazame huku akionekana anawatazama wao.

"Mpenzi," fundi akaita.

"Nipo. Nimechoka tu."

"Jumamosi nakupeleka kwetu. Utakaa kibarazani kwa mama, simu tutaiacha huku."

"Na wewe ukiliona jembe, si utakimbia?"

"Sikimbii. Nitakaa kando yako, nivitazame vilima hadi nami vinipumzishe. Nakuahidi."