Aliyeitika Kwenye Kona

YAH: TAARIFA YA MGENI KUTHIBITISHA KWAMBA BADO ANAISHI ANAPOISHI.

Ndivyo inavyoitwa fomu yenyewe. Sisi Washan tuliovuka kutoka Burma kuja kuchuma machungwa ya Wathai huku Fang huijaza kila siku tisini, kwa sababu serikali hujali zaidi tulipo kuliko tulivyo. Jirani yangu kwenye mabanda ya wafanyakazi, Sai Lurn, aliijaza miaka ishirini na sita bila kukosa. Mwaka jana siku ya fomu iliangukia siku ya mwisho ya kuhuisha kibali chake cha kukaa. Ofisi iko nyuma ya mlima, hufungwa saa kumi na nusu, na anayechelewa hurudishwa mpakani.

Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amepata leseni mwezi huo, na bibi mwenye shamba alimwazima pikapu.

"Safari hii simbembelezi msimamizi anipakie," aliniambia akijitazama kwenye kioo cha pembeni. "Naendesha mwenyewe, kama mwananchi."

"Mwananchi gani wewe, unanuka soya hadi kwenye kope?"

Alicheka. Alikuwa amefunga wali wa kunata na soya iliyovundishwa kwenye jani la mgomba, kama alivyokuwa akifungiwa na mama yake. Mama huyo alifia kwetu, ng'ambo. Sai Lurn hakwenda kuzika. Fomu haina nafasi ya msiba.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe jioni ile. Kilomita sitini za kwanza alijiona mwenyeji. Aliwapungia mkono watu asiowajua, nao wakampungia. Saa sita, jua la utosi, akaegesha kwenye kona ya kilomita sitini na moja ili ale.

Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa hata na upepo.

"Ai Mawn."

Jina lake la utotoni. Huku hakuna aliyelijua, hata mimi.

"Ai Mawn, njoo nyumbani. Roho zako zote, njooni."

Kwetu mtu ana roho nyingi, na ndivyo mama zetu wanavyoiita ile ya mtoto aliyeshtuka ikabaki njiani. Na kila Mshan anajua: porini huitiki mwito wa kwanza. Sai Lurn alijua. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwita nyumbani.

"Naam, mama."

Kisha mnong'ono, karibu na sikio:

"Nyumbani ni wapi sasa, mwanangu?"

Alifikiri. Alifikiri kweli.

"Hapa," akasema.

Ndege wote wakanyamaza.

Alifika ofisini saa tisa. Binti wa dirishani akainua macho.

"Mjomba, umesahau nini tena?"

"Ndiyo kwanza nafika, binti."

"Acha masihara. Si nimekuhudumia saa saba, hapa hapa?"

Akamgeuzia kompyuta. Sura ilikuwa yake. Shati lile lile. Ila kwenye picha alikuwa anatabasamu, na Sai Lurn hakuwahi kuitabasamia serikali. Aliweka kidole kwenye mashine. Akakifuta, akaweka tena. Mara nne. Mashine ikaandika: hakuna mtu.

"Kibali ni kimoja kwa mtu mmoja," binti akanong'ona. Sasa hakumtazama usoni. "Na mwenyewe ameshachukua."

Miezi mitatu baadaye nilipeleka fomu yangu. Binti yule yule aliangaza huku na huku, kisha akanifunulia faili. Taarifa ya Sai Lurn ilikuwa imeletwa asubuhi hiyo, kabla ya watu wote. Wino ulikuwa bado mbichi. Anwani: kona ya kilomita sitini na moja. Na pale wanapouliza umeishi hapo tangu lini, kwa mwandiko wake mzuri, palijazwa: kabla ya barabara.

Sai Lurn mwenyewe alikuwa amesharudishwa mpakani tarehe tisa Julai, kwa kosa la kukaa nchini bila kibali.