Sahani ya Wakwe Kwenye Kabati la Kioo

"Absalom, hii sahani imefika hapa aje?"

Lorine alikuwa amesimama mbele ya kabati la kioo, na mimi jasho lilishaanza kunitoka. Ndiye mchumba wangu. Siku hiyo alikuja bila kuniambia, kunitembelea kazini, kwenye makumbusho ya sanaa na historia ya Kichina hapa Milimani, Kisumu.

"Sahani gani?" nikajifanya.

"Usinifanye mjinga! Ile ya samaki wawili wa bluu. Hapo ukingoni imemeguka, mimi mwenyewe niliigonga nikiwa darasa la tatu."

Chini yake kulikuwa na kadi: *Sahani ya kale ya Kichina. Imetolewa na familia ya Wechuli.*

Wechuli ni mimi.

Babu yake Lorine alitoka nayo Mombasa alikokuwa mpishi. Kwao Pap Onditi haitumiwi ovyo, hutolewa siku wakwe wakija tu. Na wakwe wenyewe, yaani baba yangu na wazee wetu wa Bungoma, walikuwa waje Jumamosi na ng'ombe wa mahari.

"Lorine, nisikize..."

"Nisikize nini? Mwezi mzima Mama anaitafuta! Amemfukuza Oketch juu ya hii sahani. Ndugu yangu ameitwa mwizi mbele ya majirani, na wewe umekaa pale unakunywa chai!"

Kweli, nilikunywa. Tena nikaongeza, "Vijana wa siku hizi, Mama, ni kuvumilia tu." Ee Mungu, mdomo gani huu nilipewa!

"Bosi alituomba tulete vitu vya Kichina kutoka nyumbani," nikasema. "Nilikuwa nimeshajigamba kwamba kwetu viko. Nikaichukua kwenu kwa siku mbili, ipigwe picha tu. Halafu wageni wakanisifu, kadi ikachapishwa, nikalewa sifa. Haki ya Mungu nilitaka kuirudisha."

"Lini? Baada ya harusi?"

Nilijichukia pale pale.

"Mpigie Oketch. Sasa hivi. Na uweke spika."

Oketch alikuwa amekimbilia Luanda Kotieno, anabeba kreti za samaki ufuoni. Simu ikaita mara mbili.

"Shem! Umepotea sana, bana!"

Uchangamfu wake ulinichoma kuliko matusi.

"Oketch... ile sahani ya Mama. Ni mimi niliichukua."

Kisha akacheka kidogo.

"Najua, shem. Nilikuona ukiifunga na koti lako."

"Yawa!" Lorine akashika mdomo. "Ulijua, na ukanyamaza?"

"Kumbe uko hapo, dada? Sasa ningesema nini? Ungemwacha, na vile ulikuwa na furaha! Nikaona acha tu mimi niwe mwizi. Nitazoea."

Nilitaka kusema mengi, ikatoka "samahani" moja tu, nyembamba, hata mimi sikuisikia vizuri.

"Imeisha, shem," Oketch akasema. "Sasa Jumamosi nije tupokee wageni, ama Mama bado ana hasira na mimi?"

Lorine akaninyang'anya simu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti haikutetemeka.

"Njoo leo, ndugu yangu. Mama nitamwambia mimi. Jumamosi hakuna wageni."