Ngozi Isiyokatwa

Nyamazeni, enyi mliokusanyika. Mwenye mtoto mgongoni ambembeleze, mwenye kikohozi akimeze, na wewe uliyeketi karibu na mlango ukidhani utatoka mapema, sogea mbele. Neno hili halikuletwa kwa ajili ya jirani yako. Limeletwa kwako.

Palikuwa na mtu wa Ndalambo, jina lake Fanueli, mwana pekee wa mjane Enesi. Zilikuwa enzi za Waingereza, miaka ile vijana walipovuka mpaka pale Tunduma kwenda kuchimba shaba Rodesia, wakarudi na magitaa mabegani. Fanueli hakurudi na gitaa. Alirudi na ufundi wa babatoni, ile besi kubwa ya waya mmoja: mzinga wa mti uliowambwa ngozi, uliochomekwa mpini mrefu kupita kimo cha mtu, waya ukivutwa toka ncha ya mpini hadi katikati ya ngozi. Mpigaji huukalia mzinga, akauvuta waya kwa kidole. Sauti yake haiimbi. Inatembea chini ya wimbo kama maji yanavyotembea chini ya mchanga wa mto uliokauka.

Kazi ya besi ni kazi ya upweke. Gitaa husifiwa, mwimbaji hutunzwa, wachezaji hukumbuka miguu yao wenyewe. Lakini besi hakuna aisikiaye mpaka inyamaze. Kefa, mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi yao, alijulikana toka Tunduma hadi Vwawa. Fanueli alijulikana kwa mzigo wake. Tumpe, mama aliyeuza pombe ya ulezi kilabuni Tunduma, alizoea kuuliza mbele za watu, "Kefa, na huyu mbebaji wako naye nimpimie?" Watu wakacheka. Fanueli naye akacheka, kwa maana mpweke hucheka upesi kuliko wote.

Basi ikawa, wakati wa kuvuna ulezi, mjumbe alifika kilabuni. Mama yako anaumwa, akasema, anakuita. Fanueli akajibu kwamba atakwenda dansi likiisha. Dansi likaisha, likaja jingine. Mjumbe akarudi, safari hii hakukaa hata kunywa maji. Alisema Enesi alikuwa akiuliza kila jioni kama mwanawe amekwisha kuanza safari.

Fanueli akapiga tena.

Na katikati ya wimbo ngozi ya babatoni lake ikapasuka, kwa mlio kama wa mfupa unaovunjika. Gitaa likaendelea. Wachezaji wakaendelea. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama.

Baadaye Kefa alimweleza kwa upole kwamba dansi la mavuno ya kahawa huko Vwawa halingojei mtu, na kwamba asipopata ngozi, kijana mmoja, Osward, atashika nafasi yake kwa gitaa la pili. Ndipo Fanueli alipoanza safari kwenda Ndalambo. Tazameni, wapendwa, ni kipi kilichomwinua: si mama aliyeita, ni ngozi iliyopasuka.

Alifika jua likizama, na kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo wao. Mtu akifa, ngozi ya ng'ombe aliyoilalia maisha yake yote hutandikwa kaburini chini yake. Lakini kwanza mwana wa kwanza huikata vipande kwa kisu, ili isitamaniwe na wachawi, kwa kuwa kilicho kizima huchukuliwa, na kilichokatwa huachwa. Kisha husema, "Lala, mimi nimefika." Na ikishazikwa, ngozi hiyo haitajwi tena nyumbani, wala siku ya matanga, wala milele.

Ua lilikuwa tupu. Waombolezaji walikuwa mtoni kunawa, sauti zao zikisikika kwa mbali. Moshi wa kuni ulitambaa chini, haukutaka kupanda.

Karibu na ukuta wa jiko aliketi mwanamke mzee, amejifunika kaniki nyeusi toka kichwani, mgongo kaugeuzia njia. Ameketi juu ya udongo mtupu. Fanueli alidhani ni shangazi yake Marita, dada wa marehemu baba yake. Akamwamkia shikamoo. Mwanamke hakuitikia. Alisukuma nyuma yake kitu kilichokunjwa, bila kugeuka.

"Ikate," alinong'ona. Sauti ilikuwa imekwaruzwa, kama ya mtu aliyelia mno.

Ilikuwa ngozi ya mama yake. Aliijua kwa harufu: moshi na mafuta ya nyonyo. Ilikuwa na unyevu, na udongo mwekundu umeganda kwenye manyoya yake. Akadhani waliibakiza nje wakimngoja yeye aikate, na wachimba kaburi waliishika kwa mikono michafu.

Akaenda nayo kaburini peke yake, kisu mkononi. Akaikunjua. Miaka mingi ya mwili wa mama ilikuwa imeilainisha mpaka ikawa nyembamba, imekaza, haina kovu. Akaigonga kwa kidole, kama fundi afanyavyo.

Ikaitika... sauti ndefu, ya chini.

Fanueli alisimama hapo hadi giza likameza kisu. Ngozi iliyokatwa haiwambwi. Mnaelewa? Angeikata, mama angelala. Asingeikata, yeye angesikika. Akani wa kale, yule wa Maandiko, aliiba joho zuri la nyara akalificha chini ya hema, akadhani hema ni zito kuliko macho ya Bwana. Fanueli alificha ngozi ndani ya gunia, akarudi uani kulia pamoja na waliaji. Hakuna aliyemuuliza juu ya ngozi, kwa sababu ya ule mwiko. Yeye naye hakuitaja. Na yale maneno ya kuaga hakuyasema.

Siku aliyoiwamba, babatoni halikuhitaji kuanikwa juani ili ngozi ikaze. Lilikuwa na joto tayari.

Huko Vwawa ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mikahawa, na wakulima walikuwa wamekuja na wake zao, wamevaa viatu vya Jumapili. Kefa akaanza wimbo. Fanueli akavuta waya.

Wachezaji wakasimama.

Kwa mara ya kwanza walimtazama yeye. Sauti iliwaingia kwa nyayo, ikapanda magotini, ikakaa kifuani. Kisha wakacheza kama watu waliotumwa, na wanawake wengine walilia wasijue wanalilia nini. Wimbo ulipoisha walimjia Fanueli, wakamshika mkono, wakamuuliza jina. Kefa aliachwa amesimama na gitaa lake. Ah, ndugu zangu, tusimhukumu upesi. Mtu aliyelala njaa miaka mingi hakiulizi chakula kimetoka wapi.

Tumpe alikuwa amepanda na mitungi yake kufanya biashara. Alimjia Fanueli, na safari hii hakutania.

"Baba, yule mama mzee ni wa kwenu?"

Fanueli akauliza ni mama yupi.

"Yule pale, aliyetupa mgongo. Ameketi kwenye udongo mtupu na baridi hii. Nimempelekea mkeka wangu, kaukataa." Tumpe akashusha sauti. "Anasema ngozi yake unayo wewe."

Fanueli akatazama pembeni mwa uwanja. Kaniki nyeusi. Mgongo. Ukungu ukapita mbele yake, na ulipopita palikuwa pamebaki udongo tu.

Tangu siku hiyo baridi ilimwandama. Aliketi motoni mpaka nguo zikaanza kunuka kuungua, na mifupa yake haikupata joto. Akilaza mwili juu ya kitanda cha kamba, mgongo wake ulihisi udongo. Na babatoni, likiwa limeegemezwa ukutani, lilikuwa likitoa kitu kutoka ndani ya mzinga... kidogo, kikavu, cha kujizuia.

Kikohozi.

Alikijua. Alikuwa amelelewa ndani ya kikohozi hicho.

Daudi alipopiga kinubi, roho mbaya ilimwacha mfalme. Fanueli alipiga, na kila alikopiga kuna kilichokuja kuketi. Watu wa kwanza kukiona walikuwa wanawake. Wakaanza kuwaondoa watoto wao dansini mapema. Kisha wakaondoka wenyewe. Kefa alimwita kando akamsihi. Alimwambia kwamba hajui amefanya nini wala hataki kujua, lakini akirudishe alichokitwaa.

"Osward achukue nafasi, ndicho unachotaka," Fanueli alisema.

"Kaka, hata Osward hataki nafasi hiyo," Kefa akajibu. "Mimi nimeimba mbele ya walevi na mbele ya maaskari. Mbele ya mama yule sauti hainitoki."

Fanueli akasema dansi moja tu, lile la Tunduma, nyumbani, mahali walipomwita mbebaji. Tazameni jinsi dhambi inavyoomba: haiombi maisha yote, inaomba dansi moja.

Jioni ile kilabu kilijaa, kisha kikaanza kupungua kabla taa hazijawashwa. Mmoja alikumbuka ng'ombe wake. Mwingine alikumbuka mkewe. Tumpe alifunika mitungi yake kwa majani ya migomba, akatoka bila kuaga. Kefa alipiga mpaka nusu ya wimbo, akaweka gitaa chini taratibu kama mtu anayeweka yai, akatoka kinyumenyume.

Akabaki Fanueli.

Na mgongo.

Alikuwa ameketi katikati ya uwanja sasa. Ile harufu ilijaa kilabu: moshi, mafuta ya nyonyo, na chini yake harufu ya udongo uliofukuliwa. Fanueli akaamua kuacha kupiga. Akaondoa kidole kwenye waya.

Besi ikaendelea.

Du... du. Du... du.

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa mapajani. Chini yake mzinga ulipanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Ndipo alipojua kwamba sauti ile iliyowaliza wanawake wa Vwawa haikuwa yake hata siku moja. Walimshika mkono mbebaji.

"Mama," alisema.

Kaniki ikatikisika. Kichwa kikaanza kugeuka, kidogo... kidogo... naye akafumba macho, kwa maana hakuwa na uso wa kumwonyesha mama yake.

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Ardhi ni baridi, mwanangu. Ikate."

Alipofumbua macho alikuwa peke yake, na uwanjani, pale alipoketi yule mzee, palikuwa na unyevu mwekundu.

Alishika njia ya Ndalambo kabla ya mapambazuko akibeba babatoni lote mgongoni, na njia nzima lilipiga kwenye uti wa mgongo wake. Alifika jioni. Shangazi Marita alikuwa akipepeta ulezi. Fanueli alipiga magoti, akavunja mwiko, akaitaja ngozi. Alieleza yote, toka jioni ile alipoipokea kutoka mikononi mwake.

Marita aliweka ungo chini.

"Mikononi mwa nani?"

"Mwako, shangazi. Pale jikoni."

"Jioni ile mimi nilikuwa mtoni kunawa pamoja na wote," Marita alisema. "Tulikungoja mpaka mwili haukuweza kungoja. Kwa kuwa hukufika, ngozi haikukatwa, maana hakuna mwingine wa kuikata. Tulimtandikia nzima. Niliinyoosha mimi kwa mikono hii. Nikaona udongo unaifunika."

Fanueli akainuka, akajitwisha tena babatoni.

Wakaenda kaburini wote wawili. Hapakuwa na alama ya jembe. Majani membamba yalikuwa yameota juu ya tuta, sawasawa, hayajavurugwa. Marita alisema kwamba kama ni wachawi walioitoa, wasingempa Fanueli, wangeitumia wenyewe. Na kama ni Enesi mwenyewe... Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema tu kwamba mpaka pumzi ya mwisho mama yule aliamini mwanawe yuko njiani.

Nami sitawaambia zaidi ya alivyosema Marita. Tumekatazwa kuwatafuta wafu, na mwovu anajua kuvaa kaniki ya mama ya mtu. Lakini nasema hivi: jioni ile Fanueli alipewa nafasi ya pili ya kuwa mwana. Alipewa mkononi. Akaigonga kwa kidole ili asikie mlio wake.

Aling'oa vigingi, akaivua ngozi kutoka kwenye mzinga. Akaikata. Ilikuwa ngumu kukatika kuliko ngozi iliyokauka, na kila kisu kilipopita vidole vyake vilipata joto kidogo. Kipande cha mwisho kilipoachana, alisikia pumzi ndefu ikitoka, lakini hakujua imetoka wapi.

"Mayo," alimwita mama yake kwa lugha ya nyumbani, lugha ambayo hakuwa ameinena tangu avuke mpaka. "Lala. Mimi nimefika."

Walichimba kidogo juu ya tuta ili waviweke vipande, wakavipanga kama ngozi ilivyokuwa. Ndipo Marita alipoona pengo. Kipande cha katikati, pale waya ulipokuwa ukikandamiza, hakikuwapo. Waliinua majani, wakapapasa udongo, wakakunguta gunia na nguo zao mpaka giza likawazuia. Hakikuonekana jioni hiyo. Hakijaonekana mpaka leo.

Fanueli hakurudi dansini. Alilima shamba la mama yake, akazeeka humo. Kefa alimpitia mara kadhaa, wakaketi bila kuzungumza sana. Wanaoishi jirani walisema kwamba ukungu ukishuka jioni, alitoka nje, akaketi juu ya udongo mtupu karibu na ukuta wa jiko, mgongo kaugeuzia njia, akisikiliza. Na walipomuuliza anasikiliza nini, alisema kuna mtu, upande wa Tunduma, anajifunza kupiga besi, na mlio wake ni ule ule.

Sasa wewe. Wewe uliyeketi karibu na mlango. Kuna anayekuita, na umemjibu kwamba utakwenda dansi likiisha. Anauliza kila jioni kama umekwisha kuanza safari. Usingoje ngozi ipasuke. Usingoje kupokea mikononi mwa mtu asiyegeuka. Inuka, acha mzigo wako hapa hapa, uende kwake angali ana uso wa kukuonyesha.

Nenda leo.