Waziri wa Mitambo na Makonyo ya Bi Shariffa

"Wananchi wa bweni!" Ruweida alitangaza alfajiri, amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, kanga imemning'inia begani kama joho. "Kuanzia leo mtaniita Mheshimiwa Waziri wa Mitambo."

"Mheshimiwa," Yumna alimjibu huku akifagia, "hiyo ndoo ni ya chooni."

Waziri akashuka.

Katika shule yao ya bweni, pale Wete, Mwalimu Conchesta alikuwa ameunganisha kompyuta tatu kuukuu ziwe na ghala moja la pamoja. Aliziita kwa majina ya mahali pa kisiwani kwao: Wete, Ole na Msuka. Kila faili lilikatwa vipande, vikagawiwa zote tatu. Moja ikikosekana, hakuna kinachofunguka.

Asubuhi hiyo, darasani, hakikufunguka kitu.

Yumna aliinamia skrini. Ndani ya ghala hilo mlikuwa na sauti ya bibi yake, Bi Shariffa, aliyefariki mwaka jana. Yumna aliirekodi kwa simu kule kijijini Ole msimu wa karafuu, kisha simu ikaharibika. Nakala nyingine haikuwapo.

Mwalimu Conchesta alikagua nyaya, akazima mashine na kuziwasha upya. "Wete na Ole zinaonana," alisema. "Zinaitafuta Msuka, haziioni. Na mipangilio niliiweka mwenyewe, haina kosa! Basi diski imekufa. Itabidi nizifute zote, nianze upya."

"Na bibi?" Yumna aliuliza.

"Pole, mwanangu."

Jana yake, wenzake walipokwenda kula, Ruweida alifuta jina la Msuka akaandika "Urojo", jina la supu. Aliona ni mzaha tu, kama kumbandika mtu karatasi mgongoni. Kumbe Wete na Ole zilikuwa bado zinaita Msuka, na hapakuwa na wa kuitika.

Aliukumbuka uwanja wa Bi Shariffa siku za likizo: karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, harufu yake imeingia hata kwenye chai, nao wamekaa wakichambua, wakizitenga na makonyo, vijiti vyake, huku bibi akiimba. Uwanja ule sasa ulikuwa umeota majani.

Mwalimu alishika kipanya.

"Subiri, Mwalimu!" Ruweida alikohoa kiwaziri. "Kwa utaalamu wangu, nashauri tutazame jina la mashine."

Mwalimu alitazama. "Urojo? Nani kaandika haya?"

"Mitambo ikizeeka hujibadilisha yenyewe, Mwalimu."

Jina likarudishwa, mashine zikawashwa upya, ghala likafunguka. Darasa zima likampigia Waziri makofi. Yumna alimkumbatia hata akakosa pumzi. Kisha akabonyeza, na sauti ya Bi Shariffa ikajaa chumbani, nyembamba na tamu, ikiimba. Yumna alifumba macho.

Mara wimbo ukakatika.

"Weye Ruweida! Makonyo haya chini ya karafuu kayafukia nani?"

"Yamejifukia yenyewe, bibi," ilijibu sauti ya Ruweida mdogo.

"Yamejifukia yenyewe!" Bibi alicheka. "Haya, na yajifukue yenyewe. Nami nangoja."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Conchesta hakucheka. Katika rekodi ulibaki mchakacho wa karafuu zikipinduliwa kwa mkono.

"Yamejifukia yenyewe," Mwalimu alirudia polepole. "Kama jina la Msuka."

Ruweida alitazama viatu vyake.

"Sikiliza, mwanangu," Mwalimu alisema. "Mzaha wako ningeurekebisha kwa dakika moja. Lakini kosa likifichwa, anayelitafuta hupapasa pasipo na kosa, na huharibu kizima. Ilibaki kidogo tu nifute sauti hii kwa mkono wangu. Ukikosea, sema mapema."

Yumna alifumbua macho, akamtazama rafiki yake. Karafuu ziliendelea kuchakacha. Bi Shariffa alikuwa bado anangoja.

"Ni mimi, bibi," Ruweida alisema, akiielekea mashine. Kisha akamgeukia Yumna. "Ni mimi niliyeandika Urojo. Nisamehe."