Programu ya Kobe

Walikutana kwenye foleni ya lifti, watu wamebanana, binti kakumbatia kompyuta yake kama kichanga. Kijana mmoja mrefu, shati la bluu limepauka mabegani, akamkingia mgongo isipondwe. Basi, haikuchukua muda simu zikawa haziishi: mpenzi umekula, mpenzi umefika salama.

Binti alikuwa akitengeneza mfumo wa hospitali, na kazi moja ilimnyima usingizi: kuchagua programu ya kulinda mlango, ile inayohakiki nenosiri la daktari kabla hajafungua faili la mgonjwa. Zilibaki mbili, zote za bure, zote msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Moja nzito, ina mafundi kibao. Nyingine nyepesi, tamu kuitumia, ila ya mtu mmoja tu aliyejiita Kobe. Akachukua ile nzito. Na kama ilivyo desturi ya watu wa kazi hiyo, akaeleza sababu hadharani, kwenye ukurasa wa Kobe mwenyewe: kazi nzuri, lakini mwenyewe yuko peke yake na siku hizi hajibu watu, hawezi kukabidhiwa wagonjwa.

Jioni ile mpenzi hakupiga. Kesho yake akapigiwa, hakupokea. Binti wa watu chakula hakipiti, kila simu ikilia anaruka. Dada yake akamuuliza, kwani huyo shemeji anafanya kazi gani hasa? Akafungua picha amwonyeshe. Kijana katabasamu, na nyuma yake kwenye skrini ukurasa ule ule, wenye mchoro wa kobe. Kumbe Kobe ndiye yeye.

Alipiga mpaka ikapokelewa. Akaomba radhi, akauliza mbona hakumwambia. Kijana akasema aliogopa, asije akadhaniwa anampenda ili programu yake ichaguliwe.

"Ulichoandika ni kweli," akaongeza polepole. "Ila muda niliowanyima hao watu, nilikuwa naongea na wewe."

Binti akalia waziwazi. Akataka kuyafuta yale maneno, kijana akakataa, hospitali si mahali pa kubahatisha. Hapo binti akajua hataki kumpoteza mtu huyu, wala hataki kumdanganya.

"Basi sikia. Programu yako siichukui."

Kijana akauliza:

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe nielekeze alipo," akasema, tayari anatafuta viatu. "Namfuata."