Shemeji Alinyamaza Walipoona Mshono Kichwani

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, fundi cherehani hapa Majengo, Sumbawanga. Naishi peke yangu, ingawa nilizaa...

Mume wangu, Kristofa, alikuwa mtu wa watu! Biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, akawa ananunua mahindi kule kwao Chala, na wakulima walimwamini kuliko mizani. Kisha akabadilika. Alicheka msibani. Alichota nyama kwenye sahani ya mgeni. Mtoto wetu Gaspa alipounguzwa na uji, baba yake alimtazama tu, akaendelea kutafuna karanga... Nilianza kumwogopa.

Mtaani wakasema nimemroga. Nimroge ili nipate nini?

Alifia hospitalini. Daktari mtafiti akatueleza pale koridoni, mimi na shemeji yangu Leonsi, kwamba ndani ya ubongo ipo sehemu inayomwezesha mtu kuishi na wenzake, kuona haya, kuona huruma. Yeye na wenzake walikuwa wakichora ramani ya aina za seli za sehemu hiyo, na walitaka kujua ni zipi zilizokufa kwa Kristofa. Mimi nilisita. Leonsi ndiye aliyenisukuma.

"Shemeji, waache wauchukue huo ubongo. Je, kama ugonjwa huu uko kwenye damu yetu?"

Akaahidi kuwaeleza wazee mwenyewe. Nikatia sahihi.

Hakuwaeleza! Wazee walipomwosha marehemu waliona mshono, kutoka sikio hadi sikio. Mama mkwe akatoka nje akipiga kelele, "Kichwa cha mwanangu umemuuzia nani, we mwanamke?"

Nilimtazama Leonsi... Akainamisha uso, akanyamaza. Nilifukuzwa hata kabla ya maziko, na Gaspa wakabaki naye.

Majibu yalikuja baadaye sana. Seli za aina moja zilikuwa zimekwisha kabisa, na ugonjwa ule hurithiwa. Nilikimbilia Chala kuwaambia. Wakanirushia mawe kabla sijafungua kinywa! Leonsi alikuwepo, nilimwona kwa macho yangu.

Mwezi uliopita nilikutana na Gaspa mnadani, mtu mzima sasa. Nilimwita, "Mwanangu!" huku nalia. Alinitazama kama mtu anavyotazama nguzo ya umeme, akapita zake. Je, ni chuki aliyofundishwa... au ugonjwa umeanza? Mimi mama yake sijui, na sina wa kumuuliza.

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msikubali jambo la marehemu mkiwa wawili tu koridoni. Waiteni wazee wote wasikie kwa masikio yao, hata kama daktari ana haraka. Mimi niliuamini mdomo wa mtu mmoja, na leo mwanangu yu hai, nami siwezi kumwonya.